Gego la Mwisho

Ukiwa Nengo, seli mojawapo ya sekta ya Gisenyi wilayani Rubavu, Rwanda, huwezi kuusahau mlima. Nyiragongo uko ng'ambo ya mpaka wa Kongo, kaskazini mwa Goma, nao umewatumikia watu wa pande zote mbili kama kalenda. Ulitapika moto tarehe 10 Januari 1977, ukarudia 17 Januari 2002, ukarudia tena 22 Mei 2021. Kati ya lava ya kwanza na ya pili kuna 1994, mwaka usiohitaji kuelezwa. Mzazi asiyejua tarehe aliyomzaa mwanawe anajua kama alikuwa na mimba au mtoto mgongoni siku mlima ulipopasuka.

Kwa mazungumzo ya nyumbani hilo latosha. Kwa hakimu halitoshi. Sheria haitaki kujua kama kijana amebalehe, kama analima shamba lake au kama ana mke. Inataka kujua kama siku fulani alikuwa ametimiza miaka 18, au 15, au 14. Pale karatasi isipokuwepo, watu wa sheria wamezoea kumwambia kijana afungue mdomo. Namna tulivyofika hapo ni safari ya karibu miaka 200.

Watoto wa viwandani, 1833–1837

Kisa hiki hakikuanza na mkimbizi wala na askari mtoto wa Kiafrika. Kilianzia kwenye viwanda vya nguo vya Uingereza. Sheria ya Viwanda ya 1833 ilikataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 9 na ikapunguza saa za kazi za wale waliozidi hapo kidogo. Ilikuwa na tundu moja kubwa: Uingereza yenyewe haikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya serikali. Usajili wa vizazi ulianza Julai 1837. Kwa miaka minne, basi, umri wa mtoto ulikuwa ule uliotajwa na mzazi, na mzazi mwenye njaa alikuwa na kila sababu ya kuongeza miaka. Daktari aliyetakiwa kutoa cheti alimtazama mtoto, akampima kimo, akakisia.

Edwin Saunders, tabibu wa meno wa London, aliona kasoro ya kimo. Mtoto wa maskini hudumaa, na mtoto wa tajiri hurefuka kabla ya wakati. Meno hayasumbuliwi na njaa kwa kiasi hicho, nayo yana ratiba yake. Mwaka 1837 alilipelekea Bunge kijitabu chenye matokeo ya ukaguzi wa vinywa vya watoto zaidi ya elfu moja, akidai kwamba jino ni shahidi mwaminifu kuliko fimbo ya kupimia. Baadaye akawa tabibu wa meno wa Malkia Victoria.

Saunders alikuwa na bahati ya umri aliopewa. Kati ya miaka 6 na 13 mdomo wa mtoto ni soko la asubuhi: meno ya utoto yanatoka, ya ukubwani yanaingia, na karibu kila mwaka kuna jipya la kuhesabu. Sheria ilikuwa imeuliza kuhusu miaka 9, swali ambalo jino linaweza kulijibu. Mambo yaliharibika pale sheria ilipopandisha mpaka, jino likaachwa palepale.

Kuona ndani ya taya, 1896–1960

Wilhelm Röntgen aligundua miale yake ya eksirei Novemba 1895. Januari iliyofuata Otto Walkhoff wa Braunschweig, Ujerumani, alipiga picha ya meno yake mwenyewe, akalala na bamba mdomoni kwa dakika 25. Tangu hapo daktari hakulazimika kungoja jino lichomoze. Aliweza kuliona likijengwa ndani ya taya: kwanza taji, kisha mizizi ikishuka, mwisho ncha ya mzizi ikifunga kama mdomo wa mfuko unaokazwa kamba. Kufikia miaka ya 1950 mashine ya Mfini Yrjö Paatero ilikuwa ikizunguka kichwa na kuleta taya zima kwenye picha moja ndefu.

Picha peke yake haisemi umri. Inahitaji picha nyingine ya kulinganisha nayo, na hapo ndipo swali la "watoto wa nani?" linapoingia. Atlasi ya mifupa ya kiganja ya Greulich na Pyle, iliyotoka 1950 na inayotumika hadi leo, ilijengwa juu ya watoto weupe wa familia zenye uwezo mjini Cleveland, Ohio. Haikutungwa kwa ajili ya mahakama. Ilikusudiwa kumsaidia daktari ajue kama mtoto mgonjwa anakua sawasawa.

Afrika Mashariki ililiona tatizo hili mapema, na nashangaa linavyosahaulika. Mwaka 1960 Wilbert Chagula, Mtanganyika aliyefundisha anatomia Makerere na ambaye baadaye angeongoza Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alichapisha katika jarida la Marekani utafiti kuhusu umri ambao gego la tatu, yaani jino la hekima, huota kwa wanaume wa Afrika Mashariki. Mwaka 1985 J. Hassanali akalinganisha Waafrika na Waasia wanaoishi Kenya, akakuta gego hilo likitangulia kwa Waafrika kwa miaka 2 hadi 3 hivi. Kundi la Andreas Olze nchini Ujerumani lilipolinganisha picha za eksirei mwaka 2004, weusi wa Afrika Kusini walikuwa mbele ya Wajerumani kwa mwaka mmoja hadi miwili katika kukomaa kwa gego hilohilo.

Maana yake ni rahisi, nayo inauma. Kijana wa miaka 16 kutoka kwetu, akisomwa kwa jedwali la Ulaya, anaweza kuonekana ana 18. Kosa halitupwi huku na huku kama kete. Linaelemea upande mmoja, nao ni upande wa kumnyang'anya utoto.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa majedwali hawakuliwazia. Huku kwetu wako watoto waliong'olewa vijino vichanga vya chonge wakiwa wachanga kwa kuaminiwa kuwa ndivyo vinavyoleta homa na kuhara. Wanyarwanda huviita *ibyinyo*, Watanzania huyaita meno ya plastiki au ya nailoni. Ukikwangua ufizi wa mtoto kwa kitu chenye ncha, unaweza kuharibu pia jino la ukubwani lililolala chini yake. Wajaluo wa zamani nao waling'oa meno sita ya mbele ya taya la chini. Sasa mtafute mtu huyo kwenye jedwali linalodai meno saba ya chini upande wa kushoto, yote yakiwa mahali pake.

Mpaka wa 18, 1973–1993

Jedwali hilo la meno saba ni la Arto Demirjian na wenzake, lililotoka 1973. Walichunguza watoto wa Montreal wenye asili ya Kifaransa, wakagawa ukuaji wa kila jino katika hatua nane, kuanzia A hadi H. Ni kazi safi, na ulimwengu mzima ukaiiga. Lakini gego la tatu halikuwamo, kwa sababu kila mtaalamu alijua kuwa ndilo jino lenye tabia mbaya kuliko yote. Huanza kujengwa miaka 7 hadi 10, taji hukamilika kati ya 12 na 16, mizizi hufunga popote kati ya 18 na 25. Kwa wengine halioti kabisa.

Kisha ukaja mwaka 1989. Mkataba wa Haki za Mtoto ulimtaja mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, isipokuwa sheria ya nchi yake imtambue mtu mzima mapema. Mkataba wa Afrika wa 1990 ukaondoa hata hilo "isipokuwa". Ulikuwa ushindi mkubwa kwa watoto, na siutilii shaka. Ila kwa jino ulikuwa msiba: akifika miaka 18 meno mengine yote yamekwisha kukomaa, limebaki moja tu linaloendelea kukua, nalo ni lile lisiloaminika.

Wataalamu wa Amerika Kaskazini walijaribu kulipima hata hivyo. Harry Mincer na wenzake walichapisha mwaka 1993 uchunguzi wa watu 823, wengi wao weupe. Walikuta kwamba mtu ambaye gego lake limefika hatua ya H ana uwezekano wa karibu 9 kati ya 10 wa kuwa ametimiza 18. Mtu wa takwimu husikia "9 kati ya 10" akatabasamu. Wakili wa mtoto wa kumi hatabasamu.

Gisenyi na Goma, 1994–2003

Mwaka uliofuata, swali hili likavuka mpaka kwa miguu. Katikati ya Julai 1994, kwa siku chache tu, umati uliokadiriwa kuwa mamia ya maelfu ulipita Gisenyi ukaingia Goma. Katika umati huo walikuwamo watoto waliopoteza wazazi, na rejista za komuni zilizokuwa na majina yao zilibaki nyuma au ziliungua. Novemba 1996 zaidi ya nusu milioni wakarudi kwa barabara ileile. Mtoto aliyeondoka na miaka 9 alirudi na miaka 11, kama alijua kwamba alikuwa na 9.

Wakati huo Rwanda ilikuwa na swali lake la umri, na mpaka wake haukuwa 18. Kwa sheria ya jinai ya Rwanda, aliye chini ya miaka 14 hakuwa na wajibu wa jinai, na aliye kati ya 14 na 18 alipunguziwa adhabu. Maelfu ya vijana walikuwa wameshikwa kwa tuhuma za mauaji ya kimbari, na kwa kila mmoja ilibidi kujua alikuwa na umri gani kati ya Aprili na Julai 1994. Walioonekana kuwa chini ya 14 walianza kupelekwa kituo cha Gitagata, Bugesera, Juni 1995. Waliobaki walikaa magerezani wakikua.

Hapa jino lisingefaa hata kama kila gereza lingekuwa na mashine. Eksirei ya 1999 inakuonyesha taya la 1999. Ili ujue mtu alikuwa na miaka 13 au 15 mwaka 1994, inakubidi urudi nyuma miaka mitano ukibeba kosa la miaka miwili mgongoni. Kwa hiyo umri ulithibitishwa kwa kadi za ubatizo, vitabu vya shule, na maneno ya majirani ambao wengine walikuwa mashahidi wa upande wa pili. Tarehe 1 Januari 2003 tangazo la rais liliagiza kuachiliwa kwa muda kwa makundi kadhaa ya wafungwa, wakiwamo waliokuwa watoto wakati wa makosa. Walitoka wakiwa wanaume wenye ndevu.

Ng'ambo, neno jipya lilikuwa limeenea: kadogo. Wanajeshi watoto walioandamana na waasi wa AFDL kuanzia 1996 hawakuulizwa umri na yeyote. Waliulizwa kama wanaweza kubeba bunduki.

The Hague, 2007–2014

Mkataba wa Roma wa 1998 ulifanya kuandikisha watoto chini ya miaka 15 vitani kuwa uhalifu wa kivita. Mtu wa kwanza kushtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai alikuwa Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Ituri, Kongo, kwa kosa hilohilo, na kesi yake ilifunguliwa Januari 2009. Kesi nzima ilisimama juu ya namba 15.

Upande wa mashtaka ulileta mashahidi waliojitambulisha kuwa waliwahi kuwa kadogo. Picha za eksirei za mifupa na meno yao zilisomwa na wataalamu wawili wa Kifaransa, Catherine Adamsbaum na Caroline Rey-Salmon, nao wakasimama kizimbani Mei 2009. Walichosema kinastahili sifa, maana hawakuuza kile ambacho sayansi yao haina. Njia hizi, walieleza, hazitoi umri kamili. Vigezo vyake vimetokana na watu wa Ulaya na Marekani. Kosa lake huhesabiwa kwa miaka. Mahakama ikazipokea kwa tahadhari kubwa.

Mengine yaliporomoka yenyewe. Shahidi wa kwanza aliyakana maneno yake siku ileile aliyoyatoa. Rekodi za shule na kadi za wapigakura zilipingana. Katika hukumu ya 14 Machi 2012 majaji walikataa kuutegemea ushahidi wa wengi wa wale waliodai kuwa askari watoto. Hata hivyo Lubanga alitiwa hatiani, akafungwa miaka 14. Kilichombana, pamoja na maneno ya mashahidi wengine, ni mikanda ya video, mmojawapo wa Februari 2003 katika kambi ya Rwampara. Majaji walitazama nyuso na miili, wakasema wazi kwamba pale mtoto anapoonekana bila shaka yoyote kuwa yuko chini ya 15, mtu asiye mtaalamu anaweza kuliona hilo. Rufani ilithibitisha hukumu hiyo Desemba 2014.

Yaani mahakama kubwa yenye vifaa vyote ilirudi kwenye jicho, ila kwa sharti: lilitumika kwa watoto walio mbali na mpaka tu. Waliosogea karibu na mstari waliachwa.

Mwenzake Lubanga katika jeshi lile la waasi wa Ituri, Bosco Ntaganda, alikuwa jirani wa Gisenyi kwa miaka mingi, jenerali mjini Goma. Katikati ya Machi 2013 kundi lake ndani ya waasi wa M23 lilishindwa na wenzao, na wapiganaji zaidi ya 600 wakakimbilia Rwanda kupitia Rubavu. Tarehe 18 alijitokeza kwenye ubalozi wa Marekani, Kigali. Mwaka 2019 alihukumiwa miaka 30, na makosa ya kuwaandikisha watoto chini ya 15 yalikuwamo.

Kampala na Malindi, 2000–2010

Watu wengi wa Afrika Mashariki hawakutani na swali hili The Hague. Hukutana nalo katika mahakama ya mji wao, na anayepimwa ni msichana aliyenajisiwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya, 2006, imepanga adhabu kwa ngazi: kifungo cha maisha kama mtoto ana miaka 11 au chini, si chini ya miaka 20 akiwa na 12 hadi 15, si chini ya 15 akiwa na 16 hadi 18. Katika rufani ya mwaka 2010, Mahakama ya Rufani iliyokaa Malindi ikasisitiza kwamba umri wa mwathiriwa lazima uthibitishwe, kwa kuwa ndio unaoamua adhabu. Pasipo cheti cha kuzaliwa, msichana hupelekwa kwa tabibu wa meno, naye huandika kitu kama "kati ya 15 na 17". Maandishi hayo yamekanyaga ngazi mbili kwa mguu mmoja.

Mahakama ya Rufani ya Uganda ilikuwa imelitazama jambo hili kwa upana zaidi katika rufani ya mwaka 2000. Iliupa ushahidi wa daktari uzito wa kwanza, lakini ikasema umri unaweza pia kuthibitishwa kwa cheti, kwa wazazi, kwa kumtazama mtoto na kwa akili ya kawaida. Majaji wa Kenya wameunukuu uamuzi huo mara nyingi.

Ulaya, 2016–2025

Uingereza, nyumbani kwa Saunders, ilikuwa imeacha kupiga eksirei kwa ajili ya uhamiaji mwaka 1982. Oktoba 2016 vijana walioletwa kutoka kambi ya Calais, wakiwamo Waeritrea na Wasudani, walipigwa picha na magazeti, na mbunge mmoja akataka wakaguliwe meno. Chama cha Madaktari wa Meno cha Uingereza kilikataa: mionzi ni ya tiba, na jibu lenyewe si la uhakika. Sweden ilikwenda njia nyingine mwaka 2017, ikaanza kusoma gego la hekima pamoja na picha ya goti. Mwaka huohuo kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za mtoto, pamoja na ile ya wafanyakazi wahamiaji, ziliyashauri mataifa yaachane na vipimo vya mifupa na meno. Januari 2024 Uingereza ikavirudisha katika kanuni zake, kuanzia magego ya hekima ya taya la chini hadi mfupa wa mtulinga. Mwaka uliofuata serikali mpya ikaanza kusifia programu ya kompyuta inayokisia umri kwa kutazama uso.

Rubavu, baada ya lava

Katika haya yote, waliofanikiwa kuondokana na jino hawakupata jino bora zaidi. Walipata karani. Uingereza ilimwajiri 1837. Rwanda imekwenda kasi: kitambulisho cha taifa kina tarakimu 16, na baada ya ile ya kwanza zinafuata nne za mwaka wa kuzaliwa. Kwa wengi wa kizazi cha zamani tarehe iliyoandikwa ni 1 Januari, siku ambayo, kwa mujibu wa karatasi, nusu ya nchi ilizaliwa. Tangu 2020 mtoto husajiliwa palepale anapozaliwa hospitalini au kwenye kituo cha afya.

Kongo, uchunguzi wa afya wa 2013–2014 ulikuta robo tu ya watoto chini ya miaka mitano wamesajiliwa. Kwa miaka mingi kadi ya mpigakura ndiyo iliyofanya kazi ya kitambulisho, na kadi hiyo hutolewa kwa mwenye miaka 18. Kijana anayeihitaji ili apite vizuizini anajua umri wa kutaja. Akishikwa baadaye na bunduki, kadi hiyohiyo inamtangaza mtu mzima. Goma iliposhikwa tena na M23 mwishoni mwa Januari 2025 na watu wakavuka kuja Gisenyi, walivuka na karatasi za namna hiyo, au bila yoyote.

Usiku wa 22 Mei 2021, lava ilipoteremka kuelekea Goma, barabara za kuingia Rubavu zilijaa akina mama. Mtoto aliyezaliwa wiki ile katika hospitali ya upande huu ana namba yake, inayoanza na 1 2021. Mwenzake aliyezaliwa ng'ambo, nyumbani kwa shangazi, ana mlima. Wote wawili watatimiza miaka 18 Mei 2039, na wakati huo gego la mwisho la huyo wa pili huenda likawa limefunga mzizi miaka miwili kabla ya hapo.